Jiwe la Kilo Tisini na Sita

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la kazini, la kuandikia hati za mizani. Kurasa za mbele zilishatumika, nimezichana. Daktari ameniambia kila ninachotia mdomoni nikiandike, na mimi ni karani, kuandika ndiyo kazi inayonilisha. Basi tuandike.

Nianze na lililo kubwa. Mdogo wangu figo zake zote mbili zimekufa. Mwaka sasa anasafishwa damu kwa mashine, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Vipimo vyangu vimelingana na vyake. Figo yangu moja ni yake, hata leo angeichukua. Lakini daktari wa upasuaji aliniangalia, akaiangalia karatasi, akaniangalia tena, kisha akasema kwa uzito huu hathubutu kunipasua, asije akamzika mzima akimtibu mgonjwa. Nishuke kutoka tisini na sita mpaka themanini na nane. Tarehe sita Juni, mvua zikiwa zimekwisha, nirudi anipime. Nikifika, tunaanza matayarisho. Nisipofika, nafasi yetu wanapewa wengine na sisi tunarudi mkiani mwa foleni, na mdogo wangu si mtu wa kukaa mkiani mwa foleni muda mrefu. Hilo la mwisho daktari hakulisema. Nimelisema mimi.

Kazini sijamwambia mtu. Nikishindwa, sitaki kuulizwa.

Asubuhi: yai moja, chai kavu. Mchana: maharage, kabichi. Jioni: kabichi.

Jumanne, 5 Machi

Kabichi. Nimetembea kwenda kazini, dakika arobaini na tano. Mvua ya kwanza imenikuta njiani.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeandika hati ya mawe. Karakana yetu inatengeneza mizani, za magunia, za madukani, za watu, zote. Kila mwaka yale mawe yetu matano ya chuma, kila moja kilo ishirini, hupelekwa ofisi ya vipimo ng'ambo ya mto yakahakikiwe na kupigwa muhuri. Nimeandika: mawe matano, yamechukuliwa na lori, kurudi baada ya mwezi mmoja. Sahihi yangu, sahihi ya dereva.

Fundi wetu wa karakana akasema wamebakiza la sita. La sita ni mimi. Hapa kazini jina langu ni Jiwe, mwaka wa kumi na moja huu. Nilipoajiriwa Fundi alinipandisha kwenye mizani mpya, nikasoma tisini na sita kamili. Mwezi uliofuata, tisini na sita. Baada ya sikukuu zote na misiba yote, tisini na sita. Akasema hajawahi kuona chuma cha namna hii. Tangu hapo akimaliza mizani kubwa, akishaipima kwa mawe, huniita nipande kwa uhakika wa mwisho. "Jiwe, panda." Naacha kalamu, napanda, anasoma, nashuka. Wateja huona ni mchezo. Mimi nilishazoea, na kusema kweli jina lenyewe sikulichukia, mpaka mwaka huu.

Jumatatu, 11 Machi

Kila Jumatatu asubuhi napanda ile mizani kubwa iliyo mlangoni. Ni desturi ya karakana, wiki inafunguliwa hivyo. Fundi huinama nyuma ya kisahani cha namba na bisibisi yake, huguna, kisha hutaja namba. Sasa desturi hiyo nimeipa kazi yangu ya siri, itakuwa ndiyo mizani yangu ya wiki.

Tisini na sita, sawa, amesema.

Wiki moja si kitu. Mwili nao una haki ya kushangaa kwanza.

Jumamosi, 16 Machi

Nimenunua kamba ya kuruka. Naruka chumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, mara mia mbili. Jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio. Mdogo wangu kitandani alicheka mpaka akashika ubavu, akasema dada, utatoa figo na kuvunja nyumba kwa mkupuo mmoja.

Jumatatu, 18 Machi

Tisini na sita, sawa.

Jumatatu, 25 Machi

Tisini na sita, sawa. Wiki tatu za kabichi. Mvua haijakatika tangu Ijumaa, na viatu vyangu vya kutembelea vimeanza kutoa sauti ya chura.

Jumatano, 27 Machi

Niandike habari za mdogo wangu, maana daftari hili limejaa mboga tupu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, wa kuimba na kuchora. Sasa maisha yake nayo yamo kwenye mizani. Mashine inapomsafisha ndiyo inamtoa maji, kwa sababu mwili wake hautoi tena. Kwa hiyo kila akifika kitengo cha figo hospitalini anapimwa kwanza, na ile ziada ndiyo wanayoitoa. Akinywa kidogo, mashine humchukua taratibu. Akizidisha, inamvuta mpaka misuli inakaza. Ameruhusiwa vikombe vitatu kwa siku. Kikombe chake ni cha bluu, ana mstari aliouchora ndani kwa rangi ya kucha. Mvua inanyesha mchana kutwa, mabati yanaimba maji, na yeye anakaa dirishani na kikombe chake nusu. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Mimi ninayenyimwa mkate nalalamika hata kwa daftari.

Jumatatu, 1 Aprili

Tisini na sita, sawa. Nilitamani Fundi aseme ni mzaha wa siku ya wajinga.

Alhamisi, 4 Aprili

Mto umefurika, daraja limefungwa. Lori la vipimo limebaki ng'ambo na mawe yetu. Fundi akasema haidhuru, kazi itaendelea. Na kweli, mwezi huu mizani zinaingia kwa wingi, unyevu unazila. Napanda na kushuka siku nzima. Hayo nayo nayahesabu kuwa mazoezi.

Jumatatu, 8 Aprili

Tisini na sita, sawa.

Sketi ya kijivu imeniteleza nikipanda ngazi, nikaidaka kwa mkono. Lastiki imekufa. Nguo za siku hizi ni jina tu. Jirani naye ameniambia nimepungua. Ni yule yule wa ufagio, nadhani anataka niache kamba kwa furaha.

Jumatatu, 15 Aprili

Tisini na sita.

Wiki sita. Nimejiuliza leo kama mwili wangu unajua kitu ambacho mimi sikijui. Kwa sababu naogopa. Sijawahi kulala kwenye kitanda cha hospitali hata siku moja. Kisu nakifikiria hata nikiruka kamba. Labda mwili umesikia mazungumzo yote na umeamua kukaa hapo hapo kwenye tisini na sita, uninusuru kwa nguvu. Ni mawazo ya kijinga lakini nimeyawaza, na daftari ni la kuandika kila kinachoingia.

Jumanne, 16 Aprili

Imeletwa mizani ya kitengo cha figo, springi imekatika. Niliandika hati kwa uangalifu zaidi ya kawaida, maana ndiyo mizani anayopandia mdogo wangu. Fundi ameishughulikia kutwa, kwa adabu, kama anayemvalisha bibi harusi. Jioni akaniita. Nimepanda, akainama, akaguna, akasema sawa. Nimeandika: imekamilika. Kesho asubuhi inarudi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mdogo wangu amerudi amechoka vibaya. Muuguzi mkuu amemgombeza, eti amekuja na kilo mbili na zaidi juu ya kawaida yake. Yeye anaapa hajavuka mstari wa kikombe. Nimemwambia asijali, itakuwa nguo za mvua.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo misuli ya miguu imemkaza kwenye mashine mpaka akalia. Sijawahi kusikia amelia huko. Bado mizani inasema amezidi.

Nimekitazama kikombe cha bluu kimekaushwa kwenye sinia. Kisha nimelitazama birika. Nimeona aibu, lakini nimelitazama.

Jumatatu, 22 Aprili

Tisini na sita, sawa. Sikushangaa hata kidogo. Nilishuka nikaendelea na hati.

Jumanne, 23 Aprili

Amezidi tena. Muuguzi mkuu amewaambia wagonjwa wote kuwa mvua imewageuza walevi wa chai, kitengo kizima kinakunywa kwa siri, na wao wauguzi hawatalala macho vitandani mwa watu. Mdogo wangu alinisimulia hayo ameugeuzia uso ukutani.

Nikamuuliza kwa upole kama labda anakunywa akiwa nusu usingizini.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo nimemsindikiza mwenyewe. Niandike yote.

Kitengo ni chumba kirefu, vitanda kumi, mashine kumi, na mizani imesimama mlangoni. Mdogo wangu alipanda, muuguzi akasoma, akatikisa kichwa. Alipowekwa kitandani mdogo wangu akaniambia na mimi nipande. Nikasema nimepima Jumatatu. Akasema panda, dada, nione.

Sijawahi kumwambia namba zangu. Kila Jumatatu nilimwambia ninaendelea vizuri, nikiamini wiki ijayo itanitoa uongo. Nikapanda na viatu vyangu na sweta lililolowa. Kitanda chake ni cha kwanza, akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha shingo, akasoma mwenyewe. Tisini na sita.

Alirudisha kichwa kwenye mto. Mashine ikawashwa. Nikakaa kwenye kigoda pembeni yake.

Halafu akasema, "Dada, kama hutaki, sema. Sitakasirika."

Nikasema nataka.

"Miezi miwili hujapungua hata robo. Mtu anayetaka hapungui hata robo?"

Nilimwonyesha mikono yangu, sijui kwa nini, kama vile kabichi ingeonekana kwenye viganja. Nikamwambia naruka kamba, anajua naruka, anasikia. Akasema kamba anaisikia, ila haoni ninachokula kazini. Ndipo na mimi ulimi ukaniponyoka. Nikasema, "Na mimi sioni unachokunywa nikiwa kazini."

Ningelipa chochote neno hilo lirudi. Muuguzi mdogo aliyekuwa akipita alisimama, akaondoka. Mdogo wangu alifumba macho. Baada ya saa moja misuli ikamkaza, shinikizo la damu likashuka, akazimia kidogo. Wakasimamisha mashine, wakamrudishia maji, akarudi na rangi yake. Nilishika mguu wake nikiukanda, naye akaniachia niukande, lakini hakunitazama.

Tumerudi nyumbani. Nimempikia, hakula. Nimejipikia kabichi, na mimi sikula.

Jumapili, 28 Aprili

Nimekula mkate mzima. Ule mrefu, na siagi. Halafu wali wa jana, na maharage, na chai yenye sukari vijiko vitatu, vikombe viwili. Nilikula nimesimama. Nilijiambia kama nimehukumiwa kula, basi na nile. Haukuwa mtamu. Naandika kwa sababu nimeagizwa niandike kila kitu.

Jumatatu, 29 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Nilifika kazini tumbo limejaa na moyo mtupu. Fundi akaniita kwa desturi, Jiwe, panda tufungue wiki. Nikapanda. Nilijua leo namba itakuwa tisini na saba au tisini na nane, na nilijiandaa kuisikia. Akainama, akaguna.

"Tisini na sita, sawa."

Sikushuka. Nilisimama pale nikiufikiria ule mkate. Mkate mzima, siagi, wali, vikombe viwili vya chai, na mizani haikuona chochote. Wiki nane za kabichi haikuona, na mkate haikuuona. Mizani isiyouona mkate inaona nini?

Nikageuza shingo nyuma ya kisahani. Fundi alikuwa bado ameinama, na bisibisi ilikuwa ndani ya skrubu.

"Fundi, unafanya nini hapo?"

"Naiweka sawa. Springi ya hii imepata unyevu, tangu Machi kila wiki inasoma pungufu. Nairudisha."

"Inasoma pungufu ya nini?"

"Pungufu yako," akasema. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza jua ni nini. "Wewe si ni tisini na sita?"

"Na mawe?"

"Mawe si yako ng'ambo? Hati uliandika wewe mwenyewe."

Ni kweli niliiandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri. Miaka yote mawe huipima mizani kwanza, mimi nikaja mwisho kama muhuri. Mawe yalipoondoka, mimi ndiye niliyebaki kuwa kipimo, na mimi nilikuwa ninayeyuka. Kila kilo niliyoitoa, Fundi aliirudisha kwa bisibisi, kwa uaminifu wote, kila Jumatatu. Nikashika nguzo ya mizani. Furaha ilikuja kwanza, sitadanganya. Ilikaa muda wa kuvuta pumzi moja. Ya pili nilikumbuka tarehe kumi na sita Aprili na ile mizani ya kitengo.

Nikamwambia Fundi kila kitu hapo hapo, nikiwa bado juu ya mizani: figo, daktari, kabichi, kamba. Nikamwambia kama mimi nimepungua, basi mizani aliyoiweka kwa uzito wangu inamwongezea kila anayeipanda. Watu wa kitengo wanatolewa maji wasiyoyanywa. Aliisikiliza yote bila kunikatiza. Uso wake ulikuwa na mikunjo hata kabla, leo nimeuona ukizeeka. Alivaa koti, akachukua mkoba wa vifaa, akaniambia twende, leo Jumatatu kuna kundi jingine la wagonjwa pale.

Muuguzi mkuu hakutuamini, na simlaumu. Fundi na karani wameloa chapachapa, wanasema mizani nzima ya hospitali imepotoshwa na kabichi. Fundi akamwomba jagi lake la kupimia lita na ndoo mbili. Maji, akasema, lita moja ni kilo moja, hilo halihitaji muhuri wa mtu. Ndoo tupu zikapimwa kwanza. Muuguzi akapima maji kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kwenye bomba, jagi kwa jagi, akihesabu kwa sauti mpaka arobaini. Wagonjwa vitandani walikuwa wanatazama yale maji yote. Ndoo zikapandishwa, akaondoa uzito wa ndoo.

Mizani ilisoma arobaini na mbili kasoro kidogo.

Muuguzi aliitazama namba, akaenda vitandani na kuanza kupunguza mashine moja baada ya nyingine. Alikuwa mwepesi. Alipomaliza alirudi akasema wiki hizi mbili amewatukana watu kumi na tisa. Fundi akasema kosa ni lake. Nikasema ni langu. Muuguzi akasema sisi wawili tutagawana baadaye, kwanza mizani. Fundi akaiweka sawa kwa ndoo za maji, akapima, akapimisha tena, kisha akanigeukia.

"Panda."

Akaweka mikono mfukoni, bisibisi ndani yake. Tisini na moja.

Njiani alitembea mbele, kisha akanisubiri. Akasema miaka kumi na moja sijawahi kumdanganya hata kwa nusu kilo. Kwa nini sikumwambia ninapungua? Nikasema niliogopa mzaha, na niliogopa kuulizwa kama nikishindwa. Akatikisa kichwa.

"Mficha uchi hazai, dada yangu," akasema. Ni mara ya kwanza hakuniita Jiwe.

Jioni nilimkuta mdogo wangu anakunja nguo. Nilimweleza nikiwa nimesimama na koti, maji yanadondoka sakafuni. Alisikiliza mpaka mwisho, shati moja likiwa mikononi, nusu limekunjwa.

"Kwa hiyo mimi sikunywa," akasema.

"Hukunywa."

"Na wewe hukula."

Nikasema jana nilikula mkate mzima. Alinitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko kile kile cha kamba, na katikati ya kicheko akalia. Akasema alikuwa ameanza kuamini mwenyewe kuwa ni mwizi wa maji, alikuwa anakiweka kikombe juu ya kabati ili mkono usikifikie usingizini. Nikamwomba radhi kwa neno nililolisema mbele ya watu. Akaniomba radhi kwa lake. Tulikaa kitandani, shati katikati yetu, tumechoka kama waliohama nyumba.

Jumanne, 30 Aprili

Amesafishwa vizuri. Hakuna msuli uliokaza. Amerudi anaimba ule wimbo wake wa vidole kumi.

Ijumaa, 3 Mei

Hati zimeniokoa. Kila mizani iliyotoka tangu saba Machi nimeiandika: ukiacha ile ya kitengo, kumi na nne. Nne za magunia, tisa za madukani, moja ya mfuga kuku. Zote zinasema zaidi ya ukweli, kila moja kwa kadiri ya nilivyokuwa wiki ile. Za mwanzo zimekosea kidogo, za mwisho zaidi. Mtu akitaka kujua nimepungua vipi, achore mstari kwa mizani za mji huu.

Jumatano, 8 Mei

Tumezungukia mizani saba, Fundi na bisibisi, mimi na jagi na ndoo. Naingia dukani, namwambia mwenye duka kwamba mizani yake inawapunja wateja kwa sababu mimi nimekonda. Wengi hucheka kwanza. Mama mmoja wa nafaka hakucheka, ametangaza dukani kwamba wote walionunua mchele kwake mwezi huu warudi awajazie, na wamerudi. Yule mfuga kuku alisema yeye alishangaa kuku walivyonona na mvua.

Kutembea kote huku ni mazoezi, Fundi ananikumbusha kila kona. Ameanza kunihesabia. Juzi alinikamata nikitazama kitumbua cha mtu, akasimama katikati yangu na kitumbua.

Jumatatu, 13 Mei

Kumi na nne zote, tayari. Mvua leo imenyesha asubuhi tu.

Jumatatu, 20 Mei

Daraja limefunguliwa. Mawe yamerudi, yana muhuri mpya, yanang'aa. Fundi aliyapandisha mlangoni matano yote: mia kamili. Kisha akayashusha, akaniita, na kwa jina gani sasa hakujua, akasema tu, haya, njoo. Mikono mfukoni. Themanini na tisa na nusu.

Sikuwahi kufikiri nitapenda kuona mkono wa mizani ukitetemeka. Unatetemeka kabla ya kutulia. Miaka yote alikuwa ameukinga kwa kichwa chake.

Jumatatu, 27 Mei

Themanini na tisa. Wiki nzima, nusu kilo. Kamba mia nne sasa. Jirani wa chini amezoea, anasema akikosa kuisikia anachelewa kuamka.

Jumatano, 29 Mei

Uoga haukupungua na kilo, upo pale pale. Nilimwambia mdogo wangu leo kwamba naogopa kisu. Nilidhani atasema basi tuache. Akasema na yeye anaogopa, anaogopa kuamka na mimi nisiamke. Hatukuwa tumewahi kuyasema. Tukaanika nguo, kulikuwa na jua.

Jumatatu, 3 Juni

Themanini na nane na nusu. Siku tatu. Fundi akaenda kunipangusia kiti.

Alhamisi, 6 Juni

Tulikwenda mapema, kabla ya mashine ya mdogo wangu. Daktari wa upasuaji alitaka nipimwe pale pale kitengoni, amesikia habari za ile mizani, akasema kwa sasa ndiyo anayoiamini kuliko zote mjini. Jana Fundi aliyaleta mawe matano kwa mkokoteni aipime kwayo mbele ya muuguzi mkuu. Hakuna aliyemwagiza.

Nilivua viatu. Nikavua sweta. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, hatua mbili kutoka kwenye kisahani, kando ya kile kitanda cha kwanza alichonyooshea shingo siku ile. Nikamwona anageuka, anatupa mgongo, anautazama ukuta.

Nikamwambia njoo usome.

"Soma wewe," akasema. "Ukiniambia, ndiyo hiyo hiyo."

Mkono ulitetemeka, ukatulia. Ulikaa kidogo, kidogo sana kulia kwa mstari. Ningeweza kusema themanini na nane, daktari alikuwa bado anatafuta kalamu. Nikasoma ulivyo.

"Themanini na nane na robo."

Mgongo wa mdogo wangu haukutikisika. Nikauliza kama nivue hereni. Daktari alikuja akasoma mwenyewe, akalitazama faili, akanitazama mimi niliyesimama peku na sketi iliyoshikwa kwa pini mbili. Akaandika. Akasema vipimo vya mwisho vinaanza Jumatatu, wote wawili, tusile kuanzia Jumapili jioni.

Nikamuuliza, na ile robo?

"Robo kilo ni glasi moja ya maji," akasema. "Hatuwezi kumzuia mtu kwa glasi ya maji."

Ndipo mdogo wangu alipogeuka, na kikombe chake cha bluu kimo mfukoni kama kila siku.

"Daktari," akasema, "mimi mwaka mzima mnanizuia kwa hiyo hiyo."